Daktari kanipa namba, mama haijui: nifanyiwe upasuaji sasa au ningoje?

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 31 na naumwa ugonjwa wa Crohn tangu nikiwa chuoni. Kwa wasioujua, ni uvimbe wa kudumu unaoshambulia njia ya chakula. Kwangu umekaa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Nimeishi na tumbo la kunyonga, kuhara, homa za jioni, na uzito unaopanda na kushuka. Nimepewa dawa za kila aina. Sindano za kibayolojia, zile zinazozuia kinga ya mwili isichochee uvimbe, zilinipa nafuu kwa muda mrefu, kisha zikaacha kufanya kazi. Ya mwisho nilichomwa miezi miwili iliyopita.

Sasa picha ya CT imeonyesha utumbo pale umekuwa mwembamba mno, chakula kinapita kwa taabu, na pembeni yake kuna jipu la sentimita 4. Daktari wa upasuaji alinieleza kwa utulivu kwamba kipande kile kitolewe na ncha mbili ziunganishwe. Nikamuuliza uwezekano wa mambo kwenda vibaya ni kiasi gani. Akageuza karatasi ya majibu yangu ya damu, akaandika nyuma yake 30%, akaizungushia duara mara mbili. Akasema ni makadirio ya kupata matatizo makubwa kama tutafanya sasa hivi, kwa sababu nameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 30 kila siku, albumini yangu, yaani protini ya kwenye damu, ni 26 tu, na jipu lipo.

Yeye angependa kuniandaa kwanza: usaha utolewe kwa mrija, vidonge vipunguzwe taratibu, ninywe maziwa maalumu ya lishe kwa wiki sita bila chakula kingine, ndipo anipasue. Ila hakunificha kwamba utumbo unaweza kuziba tukiwa tunangoja, na hapo itakuwa dharura. Akamaliza kwa kusema, “Uamuzi huu tuufanye pamoja, nenda ukaufikirie.”

Usiku ule nikaingiza habari zangu kwenye kile kikokotoo cha mtandaoni cha hatari za upasuaji cha Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani. Kikanipa asilimia 17. Sasa nimwamini nani? Kama 17 ndiyo sahihi, kwa nini ningoje? Na moyoni nawaza kwamba daktari anayejiamini hasogezi siku. Huenda anaogopa kunigusa.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Kaka yangu ameshaomba likizo ya mwezi ujao aniuguze. Neno lake ni moja: “Kitolewe, yaishe.” Mama, kwa upande wake, alimpoteza mdogo wake baada ya upasuaji. Mama mdogo aliingia kwa miguu yake, hakutoka. Tangu hapo mama akisikia mtu anapasuliwa hunyanyuka akatoka chumbani. Nimewaambia tu kwamba “kuna upasuaji unafikiriwa”. Namba hawaijui. Mchumba wangu anajua naumwa, lakini hajui kwamba naweza kuamka na mfuko wa choo tumboni, na wazo hilo linanitisha kuliko kisu.

Naomba unisaidie. Asilimia 30 ni kubwa au ndogo? Niende sasa wakati kaka yupo, au ningoje? Mama nimwambie? Tafadhali usinijibu tu nimsikilize daktari. Nimemsikiliza, naye ameniachia nusu ya uamuzi.

Mwenye Karatasi Mkononi

*

Mwanangu Mwenye Karatasi,

Marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Mimi ni mnasihi, si daktari wa upasuaji, ila kwa miaka mingi nimekaa na wagonjwa waliokuwa wakingoja kuingia chumba cha upasuaji na waliokwisha kutoka. Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu kwa pamoja. Una namba mbili zisizolingana. Una njia mbili, na kila moja ina hatari yake. Halafu una siri unayoibeba peke yako, na nadhani hii ya tatu ndiyo inayozifanya zile mbili ziwe nzito hivyo.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazokunyima usingizi.

Kikokotoo ulichokitumia kinajengwa juu ya kumbukumbu za wagonjwa wengi mno waliofanyiwa kila aina ya upasuaji. Kinauliza umri, uzito, kisukari, sigara, kama unatumia dawa za steroidi. Ni chombo kizuri. Lakini hakikukuuliza albumini yako ni ngapi, wala hakikujua kwamba pembeni ya utumbo wako kuna jipu la sentimita 4. Daktari wako anayajua yote mawili. Kwa hiyo sidhani kwamba mmoja wao anakudanganya. Kila mmoja amejibu kwa yale aliyoyaona, na daktari ameona zaidi. Tena vikokotoo hivyo huruhusu daktari kupandisha makadirio pale anapoona mgonjwa wake ana hatari ambayo fomu haikuiuliza.

Je, 30 ameitoa wapi? Hilo inafaa umuulize yeye mwenyewe. Ninachoweza kukuambia ni kwamba namba za aina hiyo zimo katika tafiti za ugonjwa wako. Madaktari wa Uingereza walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa upasuaji 566 wa wagonjwa wa Crohn. Walitafuta ni nani aliyepata usaha au kuvuja ndani ya tumbo baada ya kushonwa, wakakuta vitu vinne: albumini iliyo chini ya 30, matumizi ya steroidi, jipu, na fistula, yaani njia isiyo ya kawaida iliyojitoboa kutoka kwenye utumbo. Wasiokuwa na hata kimoja, walipata tatizo hilo 5 kati ya 100. Waliokuwa na vitatu, 29 kati ya 100. Waliokuwa na vyote vinne, nusu yao.

Wewe una vitatu. Najua umeshapiga hesabu kabla sijamaliza sentensi, kwa hiyo nisikilize hapa. Waliokuwa na vyote vinne walikuwa upasuaji 16 tu. Waliokuwa na viwili walipata matatizo 14 kati ya 100, na waliokuwa na kimoja 16 kati ya 100, yaani kidogo zaidi ya wenye viwili! Ukiona hivyo ujue si ngazi ya kupanda na kushuka kwa hesabu kamili. Ni picha ya makundi ya watu, na kundi likiwa dogo picha huwa na ukungu. Hakuna aliyepima mwili wako akakuta ndani yake asilimia 30. Wamekutafutia watu wanaofanana nawe na kukuambia yaliyowapata.

Lakini tazama vile vitu vyenyewe. Umri wako huwezi kuubadili, wala miaka uliyougua. Albumini, vidonge na jipu vinaweza kubadilika. Hiyo ndiyo sababu siisomi karatasi yako kama hukumu. Naiona kama orodha ya kazi, na sehemu yake inafanyika kabla ya kisu.

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole kuhusu lile wazo kwamba daktari anayejiamini hasogezi siku. Umelitoa wapi? Fikiria kinachofanyika pale ndani. Anakata kipande kilichougua, anachukua ncha mbili za utumbo na kuzishona. Kuanzia hapo kila kitu kinategemea kama nyama ya ncha zile itashikana. Fundi awe bingwa namna gani, akishona kitambaa kilichochakaa, uzi utashika na kitambaa kitachanika pembeni yake. Steroidi kwa kipimo kikubwa huchelewesha kupona kwa kidonda na hupunguza kinga. Usaha ulio jirani huchafua mshono. Mwili uliokonda hauna cha kujengea. Daktari anayeyajua haya na kukuomba wiki sita, mimi namwona anayeangalia mbali. Kama ni hofu kweli, muulize kwa mdomo wako: “Kama ningekuwa dada yako ungefanyaje, na kwa nini?” Jibu lake litakuambia mengi kuliko duara lile.

Kuhusu albumini niongeze jambo, kwa sababu ndugu zako watataka kukushindilia chakula. Albumini haishuki kwa njaa peke yake. Hushuka pia mwili unapopigana na uvimbe na maambukizi. Jipu likiwa bado lipo, unaweza kula mpaka ukachoka na kipimo kisisogee. Ndiyo maana mrija wa usaha, dawa na lishe huenda pamoja. Na vidonge vya prednisoloni usije ukaviacha ghafla kwa kutaka kuishusha ile 30. Mwili uliozizoea steroidi ukizikosa kwa mkupuo unaweza kuzimia au hata kufa. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na daktari ndiye anayepanga hatua hizo.

Zile sindano za kibayolojia usizilaumu. Uliitaja ile ya mwisho kama mtu anayehofia imemwachia sumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, wenye wagonjwa 947, uliwalinganisha waliopata dawa hizo za kundi la kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, ndani ya wiki 12 kabla ya upasuaji na wasiozipata. Maambukizi yalikuwa 18 kwa 100 kwa waliozitumia na 20 kwa 100 kwa wasiozitumia. Hofu hiyo moja unaweza kuipunguza. Sigara hukuitaja. Kama unavuta, iache leo, kwa ajili ya mshono na kwa ajili ya miaka itakayofuata.

Sasa, njia mbili. Kungoja si bure, na nisingependa uione kama njia salama na ile nyingine kama kujitosa. Wiki sita za maziwa ya lishe bila chakula kingine ni kazi ngumu. Wapo wanaochoshwa na ladha yake wiki ya pili, wapo wanaolia wakinusa chakula cha wenzao, na wapo wanaohitaji kupitishiwa kwa mpira wa puani. Wengi hupata nafuu, homa ikaondoka na nguvu zikarudi, na wachache hufika mahali upasuaji ukaahirishwa kabisa. Lakini utumbo wako umebana. Ukiziba kabisa utapasuliwa usiku, na yeyote aliye zamu, ukiwa katika hali mbaya kuliko leo. Na dharura hugharimu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba katika ugonjwa wa Crohn, vifo baada ya upasuaji uliopangwa ni chini ya mtu 1 kati ya 100, na baada ya upasuaji wa dharura ni kati ya 3 na 4. Nimekutajia hilo kwa sababu ya mama mdogo. Nafsini mwako nadhani ile 30 imegeuka kuwa 30 ya kutotoka, na sivyo ilivyo.

Ndani ya ile 30 kuna nini hasa? Tangu 2004 madaktari wengi wa upasuaji hupanga matatizo kwa ngazi tano za madaktari Clavien na Dindo. Ngazi ya kwanza ni yale madogo yasiyohitaji dawa mpya ya maana, ya pili huhitaji dawa au kuongezewa damu, ya tatu huhitaji kurudishwa kwa mrija au kisu, ya nne ni chumba cha wagonjwa mahututi, ya tano ni kifo. Kidonda cha nje kilichotunga usaha na mshono uliovuja ndani vyote huitwa matatizo, na tofauti yao ni kubwa mno. Muulize daktari akugawie ile 30 katika ngazi hizo. Halafu muulize swali ambalo sijaliona kwenye barua yako: namba itakuwa ngapi kama maandalizi yakifanikiwa, na ana wasiwasi kiasi gani na kuziba kwa utumbo ukilinganisha na wagonjwa wengine aliowangojesha? Bila namba hizo mbili unalinganisha kitu kimoja na hewa.

Kufanya sasa nako kuna hoja zake. Kama maumivu yamekushinda, kama hushiki chakula chochote, kama jipu halifikiki kwa mrija, kungoja kunaweza kukosa maana. Likizo ya kaka ni jambo la kweli pia, kwa sababu mgonjwa anahitaji mtu. Ila muulize kaka kama likizo inaweza kusogezwa kabla hujaisogeza tarehe ya upasuaji kwa ajili yake. Inawezekana wiki zile sita ndizo utakazomhitaji zaidi.

Na ile kauli yake ya “yaishe” mzungumze. Burrill Crohn na wenzake wawili waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932, na tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba kisu hutoa kipande kilichoharibika lakini ugonjwa wenyewe hubaki. Ndiyo maana baada ya upasuaji huendelea dawa, na miezi sita hadi kumi na miwili baadaye huchunguzwa kwa kamera pale paliposhonwa ili kuona kama umeanza kurudi. Unaweza kuishi vizuri kwa miaka. Ila kaka asije akakuona umerudi hospitali akadhani umeshindwa.

Ukishapasuliwa, kubashiri hakukomi, na nadhani hili litakutuliza. Watakuangalia mapigo, homa, tumbo, na siku ya tatu au ya nne watapima damu kipimo kiitwacho CRP, kinachoonyesha kiasi cha uvimbe mwilini. Kikiwa chini, mara nyingi sana mshono uko salama. Kikiwa juu, haimaanishi umevuja, inamaanisha waangalie vizuri zaidi, pengine kwa picha. Kuvuja kukigunduliwa mapema kunashughulikiwa. Watakutaka utembee hata kama hutaki, kwa sababu ugonjwa wako huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Uliza kama sindano za kuzuia hilo utaendelea nazo nyumbani, maana baadhi ya wagonjwa huzitumia hadi wiki nne.

Nimefika kwenye mfuko, na nimeuacha nyuma makusudi ili nisiupite haraka. Kuna aliyekuambia kwamba lazima utauvaa? Katika barua sikuona. Daktari hufikiria mfuko pale anapoona hali ya ndani ni mbaya kiasi kwamba kuunganisha papo hapo ni kubahatisha, na mara nyingi ni wa muda, utumbo huunganishwa baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo mfuko nao umefungamana na vile vitu vitatu. Omba kuonana na muuguzi wa stoma, yaani tundu la tumboni linalowekewa mfuko, kabla ya siku yenyewe. Atakuketisha, atakusimamisha, atakuomba uiname na uvae nguo unazozipenda, kisha atakuchora alama kwa kalamu pale ambapo mkunjo wa tumbo na mshipi wa nguo havitagusana na mfuko. Kazi hiyo ikifanywa mapema huondoa sehemu kubwa ya taabu. Nimewaona wanawake wakitoka katika kikao hicho mabega yameshuka, na wengine wakitoka wakilia. Yote ni halali. Mchumba wako wewe ndiye unayemjua. Ninachojiuliza ni kama kweli unamhofia yeye, au unajihofia mwenyewe mbele ya kioo. Ukijua jibu, utajua pia mazungumzo ya kwanza uyafanye na nani.

Na mama. Unamficha ili umlinde, nakuelewa. Lakini mama aliyekwisha kuzika mdogo wake anajua sura ya mtu anayeficha jambo. Huenda anachokiwaza usiku ni kikubwa kuliko namba yako. Hulazimiki kumpa asilimia. Unaweza kumweleza kwamba wewe umekutwa na muda ambao pengine mama mdogo hakuupata, muda wa kutoa usaha na kujenga mwili kwanza. Unaweza pia kuamua kumwambia baada ya kikao kijacho na daktari, au kumwomba kaka awepo. Hatari ya kumwambia ni kwamba atakuzuia, nawe utatumia nguvu zako kumbembeleza yeye wakati unazihitaji mwenyewe. Hatari ya kutomwambia ni kwamba likitokea tatizo, hata dogo, atalipokea kama lile la mdogo wake, bila maandalizi yoyote. Sitakuchagulia. Ila kikao kijacho usiende peke yako. Nenda na mtu mmoja mwenye kalamu, maana mgonjwa husikia namba ya kwanza na yanayofuata humpita.

Kabla ya kikao hicho kuna jambo moja lisilongoja. Ukianza kutapika mfululizo, tumbo likajaa na kuwa gumu, ukakosa choo na hata hewa isitoke, au ukapata homa kali ya kutetemeka au maumivu ya ghafla yasiyofanana na yale uliyoyazoea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe siku ya mapumziko. Dalili hizi mwambie kaka leo, hata kama namba bado hujamwambia.